Tunda litafune: niliyoyaona nyumbani kwetu kwenye birimbi, stafeli na pera

Mie nimekulia shamba, upande wa Mwera hapa Unguja, kwa bibi yangu mzaa mama, kwahiyo matunda kwetu hayakuwa kitu cha kununua. Msimu ukishika unaamka alfajiri unaokota maembe yaloanguka usiku, fenesi likikatwa tunakaa duara mikono imepakwa mafuta ya nazi utomvu usigande, shokishoki tunaparamia wenyewe juu ya mti tunapasua ganda kwa ukucha, na doriani likidondoka usiku kishindo mnakisikia mpaka ndani, asubuhi ni mbio nani ataliwahi. Bibi hakujua vitamini ni kitu gani lakini alikuwa na amri zake mbili na hizo hazikuwa na mjadala. Ya kwanza, tunda litafune, usilikamue, maana juisi kwake ilikuwa ya mgeni na ya futari basi. Ya pili, mtoto halali na matunda matupu, hata kama umekula fenesi mpaka tumbo limekuwa ngoma lazima utie wali kidogo au kipande cha muhogo mdomoni ndo ulale. Sie tukiona anatubana tu.

Nimezikumbuka hizi amri ukubwani, nikiwa na mama mwenye sukari, ami ambae figo zilisimama, na jirani tulomzika. Na kwenye yote matatu tunda lilikuwemo, tena haya haya matunda yetu ya shamba.

Naanza na mama. Alipimwa 2016, asubuhi hajala kitu, sukari ikasoma 13 (mmol/L). Basi ukoo mzima ukawa madaktari. Kwanza wakamwambia tunda lolote ni sukari, aache yote, na maskini akaacha, msimu mzima wa embe ukapita yeye anatuangalia tunavyokula. Mwaka wa pili akaja mtu mwengine na hadithi nyengine, kwamba sukari ya tunda ni ya Mungu haina madhara, ile mbaya ni ya dukani. Mama akafurahi, akanunua blenda, ikawa kila asubuhi glasi kubwa ya embe na pasheni, bila sukari ya kuongeza, anasema huu ndo ulaji wa afya. Na mie nilimuunga mkono kwakweli, nilikuwa naona heri hio kuliko soda.

Kliniki namba zikawa zinapanda tu, dozi inaongezwa, hatujui kwanini. Mpaka nikanunua kile kimashine cha kutoboa kidole, nikasema hebu leo tuone. Kabla ya glasi alikuwa 7.9, masaa mawili baada ya glasi ikawa 15.2. Tukatazamana. Kesho yake nikampa pera moja la kiasi, alitafune na mbegu zake, masaa mawili baadae 9.1. Siku ya tatu embe lile lile, lakini nusu tu na la kutafuna, baada ya chakula, ikaja 10 na kidogo. Tuliendelea hivo wiki mbili, vidole vya mama vikawa na matundu kama chujio, lakini tulijifunza zaidi kuliko miaka miwili ya kuuliza watu.

Ukifikiria sio maajabu. Kwenye ile glasi mlikuwa na maembe matatu manne, na nani anaweza kukaa akatafuna maembe manne kwa dakika mbili? Utachoka, utashiba, utaacha. Jino linakuwekea breki. Halafu blenda inasaga zile nyuzinyuzi na ukichuja ndo umezitupa kabisa, wakati nyuzinyuzi ndo zinaifanya sukari iingie kwenye damu pole pole. Kinachobaki kwenye glasi ni maji matamu yanakimbilia damu moja kwa moja.

Na matunda hayalingani, hili nalo nilichelewa kulijua. Pera kwa gramu 100 lina sukari kama gramu 9 na nyuzinyuzi zaidi ya 5. Fenesi bivu kwa gramu hizo hizo lina sukari kama 19 na nyuzinyuzi hazifiki 2. Kwahiyo mama kokwa tatu za fenesi anakula, sahani hali. Doriani lenyewe ni chakula kamili, kiasi cha kalori 147 kwa gramu 100 na mafuta gramu 5, mtu mwembamba anaepata nafuu baada ya homa doriani linamfaa sana, mtu anaepunguza uzito akila nusu doriani ajue ameshakula mlo. Na shelisheli, hili ndo lilikuwa linatuponza bila kujua, maana mama alikuwa analihesabu kama tunda kwavile linaota mtini. Lina wanga kama gramu 27 kwa gramu 100, yani ni ndugu wa muhogo, ukila shelisheli la nazi basi wali usiuguse. Tulipolihamisha kwenye hesabu ya vyakula namba za usiku zikashuka zenyewe.

Shokishoki nilikuwa naziogopa kuliko zote kwa utamu wake. Tukapima, sita baada ya chakula cha mchana, mashine haikushtuka sana. Basi mama msimu wa shokishoki ana sahani yake ndogo ya sita, anazihesabu mwenyewe, na mjukuu akimwibia moja anajua.

Pera nalo naomba nilisemee kidogo kwasababu watu wanalidharau, linaoza chini ya mti watoto wanalipiga teke, halafu mtu huyo huyo anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini C. Gramu 100 za pera zina vitamini C kama miligramu 228, chungwa lina kama 53. Mwanamke mzima anahitaji kama 75 kwa siku, mwanamme 90. Yani pera moja dogo limeshamaliza kazi ya siku nzima. Mie lilinisaidia kwenye mimba ya pili, damu yangu ilikuwa 9.2, nikapewa vidonge vya chuma na nikawa nimevinywa mwezi mzima damu haipandi. Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza, unanywea na nini? Nikamwambia na chai. Akasema mwanangu hivo unavitupa, chai inakizuia chuma kisiingie, meza kwa maji na ule pera au chungwa juu yake, na mboga zako za majani pia ule na pera. Nikafanya hivo, chai nikaisogeza mbali na chakula, mwezi ulofuata 10.6. Vidonge ni vile vile, kilichobadilika ni kilichokaa pembeni yake.

Sasa birimbi. Hapa nataka nikae kidogo kwasababu nusura tumpoteze mtu.

Sie Waunguja birimbi tunalijua tangu tumezaliwa, mbirimbi upo nyuma ya nyumba nyingi, ule mti unaotoa matunda mpaka kwenye gogo, kijani, makali mpaka jicho linafumba. Unatia mawili matatu kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu, unatia achari, watoto wanakula na chumvi na pilipili. Hakuna aliekufa. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alipimwa akaambiwa mafuta kwenye damu yako juu na presha iko juu. Kuna mtu akamwambia dawa iko nyuma ya nyumba yako, kamua birimbi, kunywa glasi asubuhi kabla hujala kitu, mafuta yote yatayayuka. Ami akayaokota ishirini na zaidi, akayasaga, akachuja, akanywa. Siku ya kwanza tumbo lilimkata, akaambiwa ndo dawa inafanya kazi. Akaendelea kama siku kumi na mbili.

Siku aliyonipigia simu sauti ilikuwa sio yake. Ametapika usiku kucha, kiuno kinauma, na kubwa zaidi akasema mkojo hautoki, tangu jana matone tu. Tulimkimbiza hospitali, wakapima figo, ile kipimo wanaita kreatinini ambayo kwa mtu mzima huwa karibu na 60 mpaka 110 yeye ilikuwa 640. Madaktari wakauliza dawa za maumivu, hakunywa. Dawa za kienyeji, akasema hakunywa, na hakuwa anadanganya, kwake yeye birimbi sio dawa ni tunda! Ni daktari mmoja kijana ndo akauliza kivyengine, mzee asubuhi ukiamka unatia nini mdomoni, nielezee moja moja. Ndo ikatoka habari ya glasi.

Tukaelezwa hivi. Birimbi limejaa kitu kinaitwa oksaleti. Ukila kidogo kwenye chakula mwili unakimudu, kinashikana na kalsiamu ya chakula tumboni kinatoka chooni. Lakini ukinywa glasi nzima iliyokamuliwa kwenye tumbo tupu hakuna cha kukishika, kinaingia kwenye damu kwa wingi, kinafika kwenye figo, kule kinakutana na kalsiamu kinaganda kuwa chembe ngumu kama chumvi ya mawe, zinaziba vile vijimirija. Na ami alikuwa hanywi maji ya kutosha, ndo ikawa mbaya zaidi. Daktari akasema sio yeye wa kwanza duniani, mwaka 2013 madaktari wa Kerala kule India waliandika juu ya wagonjwa 10 ambao figo zao zilisimama kwa juisi hio hio ya birimbi, walikuwa wanainywa kushusha kolesteroli, vile vile kama ami, na baadhi walihitaji mashine ya kusafisha damu.

Ami alisafishwa damu kwa mashine mara nne. Siku ya tisa mkojo ukaanza kutoka, mke wake alilia pale pale wodini. Figo zilirudi, sio zote kama mwanzo lakini zilirudi. Nashukuru mpaka leo kwa yule daktari alieuliza swali kwa namna ambayo mzee wa kiunguja angeweza kulijibu.

Kuna ndugu yake birimbi, lile tunda la pembe tano ambalo ukilikata linatoka nyota, karambola. Hilo kwa mtu mzima wa afya halina neno akila kwa kiasi. Kwa mtu mwenye figo dhaifu ni hatari kubwa, hata tunda moja au nusu. Juu ya oksaleti lina sumu ya ubongo, wataalamu wa Brazili waliitambua 2013 wakaiita karamboksini, figo nzima inaitoa, figo mbovu inaiacha inazunguka mpaka kichwani. Dalili yake ya mwanzo ni kwikwi isiyokatika, halafu mtu anachanganyikiwa, wengine degedege, wengine wanakufa. Nimewaambia wote nyumbani, ami karambola haligusi kabisa, na mgonjwa wa figo akipata kwikwi baada ya kula tunda msimpe maji ya kunywa mkakaa kumsubiri, mpelekeni hospitali.

La tatu ni zito kwangu kuliandika. Jirani yetu, mama mmoja mpole sana, alipata kivimbe kwenye ziwa, kidogo, kama kokwa ya zambarau. Wakati huo kwenye WhatsApp ilikuwa inazunguka meseji kwamba stafeli linaua saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Mie ndo nilomtumia. Niliipata kwenye grupu la familia nikaona nimsaidie, sikusoma mara mbili. Akawa anachemsha majani ya mstafeli kutwa mara tatu, miezi minane, na kila nikimuuliza ananambia kimelainika kidogo alhamdulillah. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Hakumaliza mwaka.

Nikaja kuitafuta ile mara 10,000 imetoka wapi. Ni majaribio ya maabara, walichukua vitu kutoka kwenye mbegu na majani wakavimwaga juu ya chembe za saratani ndani ya kisahani, chembe zikafa. Kwenye kisahani hata chumvi nyingi inaua chembe. Mwili wa mama wa watu wenye damu na ini na figo ni habari nyengine, na haikuthibitishwa kwa binadamu kuwa stafeli linaponya saratani. Tena kuna upande ambao meseji haikuusema. Kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibi, ambacho ni sehemu ya Ufaransa, stafeli linaliwa sana na majani yake wanakunywa kama chai. Mwaka 1999 madaktari wakaripoti kuna wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa, mfano wa Pakinsoni, lakini dawa ya kawaida ya Pakinsoni haiwasaidii, na wengi walikuwa watu wa stafeli na chai ya majani yake. Baadae wataalamu wakalihusisha na kitu kinaitwa anonasini kilichomo humo, kinachoua chembe za neva.

Sisemi stafeli lisiliwe, tafadhali. Tunda lenyewe likiwiva ni zuri, lina vitamini C, lina nyuzinyuzi gramu 3 kwa 100, mie nalila msimu ukija na wanangu wanalila, mbegu tunatema. Ninachokikataa ni majani kila siku miezi na miaka, na ninachokikataa zaidi ni mtu kuacha kivimbe kikue kwasababu ana birika jikoni. Meseji kama ile ikinifikia sasa siisambazi, namjibu alieituma kwa voisi, namsimulia habari ya jirani yangu.

Balungi nalo lipite hapa kwa ufupi maana linavunja ile amri ya bibi, hili hata ukilitafuna lina shughuli. Mama juu ya sukari ana vidonge vya presha, nifedipini. Msimu wa balungi akawa anakula moja kila jioni na chumvi na pilipili, miguu ikaanza kuvimba, akisimama kizunguzungu. Mwenye duka la dawa ndo alieligundua, aliuliza bi mkubwa unakula balungi? Kumbe balungi linafunga kile kitu kwenye utumbo kinachopunguza nguvu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu, kwahiyo umemeza kidonge kimoja mwili umepata kama umemeza kimoja na nusu au zaidi, na hali hio inakaa zaidi ya siku moja, hata ukila balungi asubuhi na kidonge usiku hujakwepa. Hili liligunduliwa kwa bahati Kanada, mwaka 1989, walikuwa wanapima dawa ya presha pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa dawa imejaa kwenye damu. Baadhi ya dawa za kolesteroli nazo ni hivo hivo, na danzi pia lina tabia hio. Chungwa la kawaida halina. Kwahiyo ukiwa na vidonge vya kila siku uliza, taja matunda kwa majina yake, usisubiri uulizwe maana wengi hawaulizi.

Na ile amri ya pili ya bibi, ya kutolala na matunda matupu. Hii nilikuwa naihesabu ni mambo ya wazee mpaka niliposoma habari ya Muzaffarpur kule India, sehemu yenye mashamba makubwa ya tunda linaitwa lichi, ambalo ni ndugu wa damu wa shokishoki, ukilimenya ndani ni nyama nyeupe ile ile. Miaka mingi watoto walikuwa wanaamka alfajiri na degedege wanakufa, hakuna anaejua kwanini. Mwaka 2014 peke yake waliolazwa walikuwa 390 na waliokufa 122. Uchunguzi ukaja kutoa kwamba watoto walikuwa wanashinda mashambani wanakula lichi kutwa, wakirudi hawana hamu ya chakula wanalala hivo hivo. Lichi lina kitu kinauzuia mwili usitengeneze sukari yake wenyewe wakati wa usiku, na mtoto alielala bila chakula hana akiba, sukari inashuka mpaka ubongo unazima. Ushauri uliotolewa kwa wazazi ulikuwa, mtoto apunguze lichi na asilale bila kula chakula cha usiku.

Niliisoma hio usiku nikaweka simu chini. Nilimuona bibi amesimama mlangoni na kipande cha muhogo mkononi ananambia kula, kula, hulali hivo. Hakuwahi kulijua lichi, hakuwahi kusikia Muzaffarpur, na sijui yeye aliipata kwa nani, pengine kwa mama yake na mama yake kwa mama yake.

Wanangu nao sasa wanalalamika, msimu wa shokishoki wameshiba wanataka kulala mie nawakalisha chini na wali. Mkubwa ananiuliza kwanini kila siku, nikamsimulia. Juzi tulikwenda Mwera, mama akatoka na kikapu cha mapera mabivu yale ya ndani mekundu, ami akaja na mfuko wa birimbi kwa ajili ya achari, kumi tu, kazihesabu. Ule mti wake hakuukata. Ila blenda alimpa mtu.